Mwaka Mmoja wa Maonyesho: Jinsi Nyumba ya Sanaa ya Jamii Inavyofanya Kazi

(Muziki wa kufungulia kipindi. Baada ya sekunde 15 unashushwa taratibu.)

MTANGAZAJI: Kama ulikosa kipindi redioni, karatasi uliyoshika ina maneno yote tuliyosoma hewani. Isome, kisha umpe jirani.

Leo tunazungumzia michoro, vinyago na vikapu. Huenda unajiuliza: mgao umepungua, kuni ni shida, watoto wana homa, na hawa redioni wanatuletea habari za picha za ukutani? Swali hilo ni halali, na hatutalikwepa. Lakini jiulize na hili. Katika mtaa wako yupo kijana anayechora kwa mkaa kwenye mbao za masanduku. Yupo mama anayesuka vikapu vya mfuniko mrefu kama alivyofundishwa na bibi yake. Yupo mzee anayechonga. Kazi zao ziko wapi? Nyingi ziko chini ya kitanda, au zimeuzwa kwa mpita njia kwa bei ya sabuni. Kipindi cha leo kinahusu namna ya kuzitoa huko, na namna ya kuzilinda zikishatoka.

Tutaeleza nyumba ya sanaa ya jamii ni nini, mwaka wake unapangwaje, bei inapigwaje hesabu, na mitego ipi ya kuangalia. Mwishoni kuna maswali kwa ajili ya vikundi vyenu vya usikilizaji.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA KWANZA: NYUMBA YA SANAA YA JAMII NI NINI?

Ni mahali ambapo kazi za wasanii wa eneo husika huonyeshwa kwa zamu, na watu wa kawaida wanaruhusiwa kuingia kutazama, hata wasio na nia ya kununua. Duka la vinyago hupanga kila kitu pamoja mwaka mzima, na lengo lake ni kuuza. Nyumba ya sanaa hupanga kazi chache kwa wakati mmoja, huzipa nafasi ya kutazamwa, huandika jina la aliyezifanya, na baada ya wiki kadhaa huzishusha ili wengine nao wapate ukuta.

Katika nchi zetu jambo hili si geni. Jijini Nairobi, Paa ya Paa ilianzishwa mwaka 1965. Mwanzilishi wake anayejulikana zaidi ni Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, Kilimanjaro, na kusomea Makerere. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mahali hapo pamoja na kazi zilizokuwemo. Hata hivyo wenyewe hawakukata tamaa, waliendelea. Dar es Salaam kulikuwa na Nyumba ya Sanaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapo ndipo George Lilanga, mtu wa kusini mwa Tanzania aliyekulia katika uchongaji wa Kimakonde, alipoanza kazi kama mlinzi wa usiku, kisha akawa mchoraji na mchongaji ambaye kazi zake zimesafiri hadi Ulaya, Marekani na Japani. Na tangu mwaka 2008 jiji hilo lina Nafasi Art Space huko Mikocheni, ambako makontena ya mizigo ya meli yamegeuzwa vyumba vya kazi vya wasanii.

Umesikia hilo? Makontena. Nyumba ya sanaa haihitaji jengo la marumaru. Inahitaji paa lisilovuja, ukuta au kamba ya kutundikia, mwanga, mlango unaofungika, na watu wanaoaminiana.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI INATUHUSU SISI TULIOKIMBIA?

Sababu ya kwanza ni kwamba ufundi huvuka mpaka bila mzigo. Vinyago vya Kimakonde vinavyojulikana duniani kama sanaa ya Tanzania vilikuzwa kwa kiasi kikubwa na watu waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Wengine walikuja kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, na wengine walikuja wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964. Walikuja na patasi na kumbukumbu zao. Leo mgeni akifika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, anaona matunda yake. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Sababu ya pili ni kwamba sanaa hutunza historia ya watu ambao hakuna aliyewaandikia. Mwaka 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake tangu zamani za mababu hadi siku zake, picha takriban 100. Hakuwa profesa. Alikuwa mchoraji wa mtaani, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa picha za kutundikwa sebuleni kwa watu wa mjini. Lakini kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, na mtafiti Johannes Fabian akayarekodi maneno hayo. Mwaka 1996 picha na maelezo yake vilitoka katika kitabu. Tazama faida ya maelezo: picha peke yake ingebaki picha ya askari na watu waliofungwa kamba. Kwa maneno ya mchoraji mwenyewe, ikawa ushahidi wa namna mtu wa kawaida alivyoiona nchi yake.

Sababu ya tatu ni kwamba maonyesho huwafanya wenyeji waingie kambini kwa jambo jema. Mwaka 2014, katika kambi ya Dzaleka, mkimbizi kutoka Kongo, mshairi na mwanamuziki anayejulikana kwa jina la Menes la Plume, alianzisha tamasha la Tumaini. Wamalawi na wageni wa mbali huingia kambini kusikiliza muziki, kutazama na kununua kazi za mikono, na wengine hulala usiku katika nyumba za wakimbizi. Mtu aliyekula ugali nyumbani kwako hatakuita tena "wale wa kule".

Sasa turudi kwenye lile swali la njaa. Je, maonyesho yatalisha familia? Tuseme ukweli: kwa wengi, hapana. Katika maonyesho mengi, hata ya mijini, kazi nyingi hurudi nyumbani bila mnunuzi. Anayekuahidi utajiri anakudanganya. Faida yake huja polepole: jina lako linajulikana, bei ya kazi yako inapanda kutoka bei ya huruma hadi bei ya haki, unapata oda, unaitwa kuchora ukuta wa zahanati au kufundisha vijana. Kwa hiyo usiache shamba wala biashara yako ndogo kwa ajili ya maonyesho. Yaongeze juu yake.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: MWAKA UNAPANGWAJE?

Kosa la vikundi vingi ni kuonyesha kila kitu siku moja, mgeni mkubwa akija. Meza zinajaa, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na jioni kila mtu anabeba vyake. Mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka. Nyumba ya sanaa hufanya kinyume chake, kwa kuugawa mwaka. Kwa kikundi kinachoanza, maonyesho manne yanatosha, kila moja likikaa wiki tatu au nne. Hapa tunakupa mfano wa mpango ambao unaweza kuubadilisha ufae mahali ulipo.

Januari na Februari ni miezi ya maandalizi. Chagueni kamati ya watu watano: msimamizi wa maonyesho, mtunza fedha, mtunza kazi, mtu wa mawasiliano, na mwakilishi wa wenyeji. Wanawake wawe ndani ya kamati, na watu wa makabila na mataifa tofauti yaliyopo kambini. Nyumba ya sanaa ikionekana ni ya kundi moja, imekufa kabla ya kuzaliwa. Miezi hii pia ndiyo ya kuomba kibali. Sheria za kambi hazifanani: kuna nchi ambako mkimbizi anatembea na kuuza kwa uhuru zaidi, na kuna nchi ambako kutoka kambini, kukusanya watu au kufanya biashara kunahitaji ruhusa ya maandishi. Ulizeni ofisi ya kambi mapema, na mtunze nakala ya jibu.

Machi ni maonyesho ya kwanza. Siku ya Wanawake Duniani ni tarehe 8 Machi, basi anzeni na kazi za akina mama: vikapu, mikeka, vitambaa vya kudarizi, vyungu, na imigongo. Imigongo, kwa asiyeijua, ni sanaa ya mashariki mwa Rwanda. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa juu ya ubao kuwa matuta yenye pembe na mistari, kisha ikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Maonyesho haya yana somo lake: kazi tulizozoea kuziita "vitu vya jikoni" zina jina la mtu nyuma yake. Kila kikapu kiandikwe nani amekisuka na amejifunza kwa nani.

Juni ni maonyesho ya pamoja. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Siku hii wageni huja wenyewe. Shirikisheni na wasanii wa vijiji jirani, kazi zao zitundikwe ukuta mmoja na zenu. Hapa ndipo uchaguzi wa kazi unakuwa mgumu, kwa sababu wengi watataka kuingia. Wekeni sharti linaloeleweka: kila msanii alete kazi tatu, kamati ichague moja au mbili, na ambaye kazi yake haikuchaguliwa aambiwe sababu uso kwa uso. Mjumbe wa kamati asipige kura juu ya kazi yake mwenyewe wala ya ndugu yake.

Septemba ni maonyesho ya msanii mmoja au wawili tu. Huu ni mtihani wa kukomaa. Mtu mmoja anajaza chumba kizima, kazi 12 hadi 15, zenye wazo moja linaloziunganisha. Labda ni safari yake, labda ni ziwa la kwao, labda ni mikono ya watu wanaofanya kazi sokoni. Mtazamaji anatoka akiwa amemjua mtu, si kazi moja moja. Anayepewa nafasi hii aambiwe mapema, miezi sita kabla, ili asilipue kazi.

Desemba ni maonyesho ya kazi ndogo na ya vijana. Kazi zisizidi ukubwa wa karatasi ya daftari mbili, na bei ziwe nafuu ili hata jirani yako wa kambini aweze kununua zawadi. Vijana walioanza mwaka huu wapate ukuta wao wa kwanza. Baada ya hapo kamati isome hesabu za mwaka mbele ya wote.

Mkipanga, kumbukeni mvua. Palipo na mvua nyingi karatasi hunyonya unyevu, vikapu huota ukungu, na rangi ya mafuta huchelewa kukauka. Mchwa nao hawaogopi sanaa. Kazi zisilazwe chini wala kuegemezwa kwenye ukuta wa udongo. Ziwekwe juu ya mbao, nusu mita kutoka ardhini, zikitenganishwa na karatasi kavu. Kinyago kilichochongwa kwa mti mbichi kitapasuka, kwa hiyo mti ukaushwe kivulini kwanza, polepole.

SEHEMU YA NNE: SIKU YA KUTUNDIKA

Kupanga chumba ni kazi ya siku nzima. Zingatieni mambo haya.

Kwanza, urefu. Katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Yakiwa maonyesho ya watoto, shusheni hadi kama sentimita 120.

Pili, nafasi. Picha zisibanane kama abiria wa daladala. Acheni walau mapana ya mikono miwili kati ya kazi moja na nyingine.

Tatu, ukuta. Kama mmeazima darasa au ukumbi wa kanisa au wa msikiti, msipige misumari. Fungeni kamba imara kwenye boriti za paa na mtundike picha kwenye kamba hizo. Mkirudisha chumba kama mlivyokikuta, mtapewa tena.

Nne, mwanga. Jua la moja kwa moja huchubua rangi. Mwanga wa pembeni kutoka dirishani ndio bora.

Tano, kibandiko. Kando ya kila kazi wekeni kipande cha karatasi chenye jina la msanii, jina la kazi, vitu vilivyotumika, mwaka, na sentensi mbili au tatu za maelezo. Hapa mkumbukeni Tshibumba. Aandike msanii mwenyewe, kwa Kiswahili chake au kwa lugha ya kwao, au amwambie mtu amwandikie. Asiyejua kusoma asomewe na kijana wa zamu.

Sita, daftari la wageni. Kila anayeingia aandike jina na maoni. Mwisho wa mwaka daftari hilo ndilo mtakaloonyesha kwa anayeuliza, "Je, watu walikuja?"

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TANO: BEI NA MGAWO

Sasa chukua kalamu. Nyumba ya sanaa huishi kwa kukata asilimia ya kila kazi inayouzwa. Katika galari nyingi za mijini makato hufika asilimia 30 hadi 50. Nyumba ya jamii inaweza kukata kidogo zaidi, tuseme asilimia 20, kwa ajili ya kamba, misumari, mshahara wa mlinzi na chai ya wageni. Asilimia yoyote mtakayokubaliana, ijulikane na wote kabla ya kazi ya kwanza kutundikwa.

Je, bei ya kazi yako inatoka wapi? Isitoke kwenye uso wa mnunuzi. Itoke kwenye hesabu. Chukua mfano wa mchoro. Ubao umenunua kwa shilingi 3,000. Rangi umetumia ya shilingi 4,000. Brashi imechakaa, weka 1,000. Vifaa jumla ni 8,000. Umefanya kazi siku mbili, na unahesabu siku yako kuwa 10,000, kwa hiyo kazi ni 20,000. Unachotakiwa kupata mkononi ni 28,000.

Wengi hapa hukosea. Wanachukua 28,000, wanaongeza asilimia 20 juu yake, wanapata 33,600. Lakini nyumba itakata asilimia 20 ya bei ya kuuzia, yaani 6,720, na wewe utabaki na 26,880. Umepoteza 1,120 bila kujua. Njia sahihi ni kugawanya: 28,000 gawanya kwa 0.8. Jibu ni 35,000. Nyumba inachukua 7,000, wewe unapata 28,000 yako kamili.

Bei ikishaandikwa, iwe moja kwa wote, mgeni mwenye gari na jirani mwenye ndara. Na usiishushe kwa siri nje ya mlango. Mnunuzi akijua kwamba ukimsubiri jioni unauza nusu bei, hatanunua tena ndani, na umewaharibia wenzako wote.

SEHEMU YA SITA: MITEGO NA ULINZI

Ndugu msikilizaji, sehemu hii usiikose.

Mtego wa kwanza ni kazi kuondoka bila maandishi. Kila kazi inayoingia iandikwe kwenye karatasi mbili zinazofanana: jina la msanii, jina la kazi, ukubwa, bei, asilimia ya nyumba, siku ya kuingia na siku ya kurudishwa. Pande zote mbili zitie saini au dole gumba, kila mmoja abaki na nakala yake. Anayekuja na kusema, "Nipe picha zako niende nazo Ulaya nikakuuzie," aandike karatasi hiyohiyo. Akikataa kuandika, mwache aende mikono mitupu.

Mtego wa pili ni ada ya kuonyesha. Ukipata ujumbe kwenye simu kwamba kazi yako imechaguliwa kwa maonyesho makubwa ng'ambo, na kwamba utume kwanza pesa za usajili au za usafirishaji, simama hapo hapo. Usitume kitu. Ipelekee kamati iuchunguze ujumbe huo.

Mtego wa tatu ni malipo ya uongo ya simu. Mnunuzi akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba ametuma, hilo si malipo. Angalia salio kwenye simu yako mwenyewe. Pesa ikiingia, andika risiti, ndipo ukabidhi kazi.

Mtego wa nne ni kuchukuliwa picha ya kazi yako na kuchapishwa kwenye fulana au kalenda. Elewa hili: anayenunua mchoro amenunua ubao na rangi iliyo juu yake. Hajanunua haki ya kuunakili. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, unasema haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi, bila kusajiliwa popote. Kuwa mkimbizi hakukuondolei utunzi wako. Kwa hiyo saini kazi yako, weka mwaka, na piga picha ya kila kazi kabla haijaondoka. Mtu akitaka kuichapisha, aombe kwa maandishi na mkubaliane malipo.

Tuna mfano wa karibu. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, akiuza chini ya mti karibu na duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafariki. Alikuwa amechora miaka michache tu. Leo mtindo unaobeba jina lake unauzwa kila mahali penye watalii, na wanaouiga hawahesabiki. Wanafunzi wake na ndugu waliendelea palepale, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika ili jina na kazi visimamiwe na wenyewe. Ushirika hauzuii kila mwizi, lakini mtu mmoja hawezi kujitetea kama wengi wanavyoweza.

Mtego wa tano ndio mzito kuliko yote, nao unahusu yale tunayoyachora. Wengi wetu tumeona mambo ambayo mkono unataka kuyatoa. Kuyachora si kosa, na kwa wengine ni namna ya kupumua. Lakini kutundika ukutani ni jambo jingine. Usichore sura inayotambulika ya mtu aliye hai ambaye anaweza kutafutwa. Usiandike jina la kijiji pamoja na jina la shahidi. Usisimulie kwa picha yaliyompata mwanamke fulani bila ridhaa yake, hata kama ni dada yako. Picha zenye damu ziwekwe chumba cha ndani, na mlangoni pawe na tangazo ili mzazi aamue kama ataingia na mtoto. Na kazi inayolitukana kabila au dini ya wengine isipewe ukuta, hata ingechorwa vizuri namna gani. Tulikimbia kwa sababu ya maneno ya namna hiyo.

Na asitokee mgeni wa kukuambia kwamba picha za vita ndizo zinazouzika, basi chora vita. Ukitaka kuchora maua, chora maua. Ukitaka kumchora mama yako akitwanga mihogo, mchore. Wewe ni msanii aliyekimbia. Hukuwa msanii kwa sababu ya kukimbia.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA SABA: MWISHO WA MWAKA

Mwaka ukiisha, kamati ikae mbele ya wanachama na isome mambo manne: kazi ngapi zilionyeshwa na za wasanii wangapi, ngapi ziliuzwa na kila msanii alilipwa kiasi gani, pesa za nyumba zilitumikaje, na nini kilienda vibaya. Hilo la nne lisifichwe. Kama picha ililowa, itajwe. Kama msanii alicheleweshewa malipo, atajwe na aombwe radhi.

Halafu ulizeni swali moja: wafadhili wakiondoka kesho, nyumba hii itabaki? Jijini Nairobi wasanii wa Kuona, mahali palipoanza mwaka 1995 kwa misaada, baada ya miaka zaidi ya 20 walijikuta wakiunda umoja wao wenyewe ili vyumba vya kazi visifungwe. Misaada huja na huenda. Asilimia 20 ndogo ndogo zilizotunzwa vizuri, na ukumbi ulioazimwa kwa heshima, zinaweza kuvuka nayo mwaka wa pili.

Na wewe usiyechora wala kusuka, usidhani hukutajwa. Ingia utazame. Mpeleke mtoto. Andika jina lako kwenye daftari. Muulize aliyesuka kikapu ni kwa nini ameweka mstari mweusi pale. Msanii anaweza kukaa mwaka bila kuuza, lakini hawezi kukaa mwaka bila kutazamwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Anzeni na kamati ya mchanganyiko na kibali cha maandishi.
2. Gaweni mwaka: maonyesho manne madogo yanazidi sherehe moja kubwa.
3. Kila kazi iwe na jina la aliyeifanya.
4. Bei ni gharama zako gawanya kwa sehemu inayobaki baada ya makato.
5. Hakuna kazi inayoondoka bila karatasi mbili zenye saini.
6. Kinachoweza kumhatarisha mtu hakitundikwi.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA USIKILIZAJI

Katika mtaa wenu ni nani wanaofanya kazi za sanaa, na nani kati yao hajawahi kuonyesha kazi yake kwa watu? Ukumbi gani mnaweza kuuazima kwa wiki tatu? Ni jambo gani la kwenu ambalo watoto waliozaliwa kambini hawajaliona, na ambalo picha au kikapu kinaweza kuwaonyesha? Mtafanya nini msanii akileta kazi nzuri ambayo inaweza kumletea mtu hatari?

Jadilianeni, na majibu yenu andikeni kwenye daftari la kikundi.

Hapo ndipo tunapofikia tamati kwa leo. Ubaki salama, wewe na nyumba yako.

(Muziki wa kufungia kipindi.)